Jinsi ya kusoma mmomonyoko: mwongozo wa kuichunguza sura ya nchi kama mwanajiolojia

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kusimama mbele ya korongo, kilima, ukingo wa mto au genge la pwani na kupata majibu ya maswali matatu: ni nini kinachoila ardhi hapa, kwa kasi gani, na tangu lini. Swali la kwanza hujibiwa kwa macho, nyundo na daftari. La pili linataka vipimo na subira. La tatu ndilo linalopeleka mawe maabara. Huhitaji shahada ili kuanza, ila unahitaji kutoharakisha majibu, maana ardhi huwadanganya sana wenye haraka.

Hatua ya 1: Chagua umbo moja, na liwe dogo

Usianze na safu nzima ya milima. Anza na kitu unachoweza kukizunguka kwa miguu ndani ya saa chache. Korongo la mita mia mbili linatosha kabisa: lina kichwa kinachorudi nyuma kila msimu wa mvua, kingo zinazobomoka, mkondo unaobeba, na mahali ambapo mchanga hutua maji yakichoka.

Kisha weka mpaka. Jiulize maji yanayoingia humo yanatoka wapi, ufuate migongo ya ardhi inayogawa maji kulia na kushoto, na uichore ramani ya eneo lote linalomwaga maji kwenye korongo lako. Fanya kazi hii kwa uangalifu. Baadaye utakapotaka kujua eneo limepoteza udongo kiasi gani, utagawanya kwa ukubwa wa eneo hili, na mpaka ukiwa na kosa, kila hesabu itakayofuata itakuwa na kosa hilohilo.

Hatua ya 2: Tenganisha kuchakaa na kuondolewa

Hapa ndipo wengi huchanganya. Kuchakaa ni mwamba kuvunjika au kuoza palepale ulipo. Mmomonyoko ni vipande hivyo kuchukuliwa na kupelekwa kwingine. Mwamba unaweza kuoza hadi mita nyingi chini ya ardhi bila kilima kupungua hata kidogo, kwa sababu hakuna kinachoondoa.

Kuchakaa kuna njia zake. Maji yakiingia kwenye ufa na kuganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na msukumo huo hupasua hata jiwe gumu. Mvua ya kawaida ina asidi kidogo, pH yake ni karibu 5.6, kwa kuwa imeyeyusha kaboni dioksidi ya hewani, na asidi hiyo dhaifu huyeyusha mawe ya chokaa hadi yakawa na mapango. Mizizi hupanua nyufa. Chumvi hukua kama fuwele ndani ya vitundu vya jiwe na kulimenya kwa nje.

Chukua kipande cha itale (graniti) kilichokaa juani na mvuani kwa muda mrefu, ukivunje katikati. Ndani utaona chembe zinazong'aa, zimeshikamana barabara. Ukingoni, sehemu iliyoguswa na maji, chembe za feldispa, mojawapo ya madini yanayounda itale, zimepoteza mng'ao, zimekuwa nyeupe kama chaki, na ukizikwaruza kwa ukucha zinageuka unga. Huo ni udongo wa mfinyanzi unaozaliwa. Katikati yake kuna chembe za kijivu zinazoonekana kama vioo, ambazo ukucha hauzifanyi kitu: hizo ni kwatzi. Feldispa inaoza, kwatzi inabaki, na ndiyo maana mchanga wa mito na fukwe nyingi umejaa kwatzi. Pima kwa rula unene wa ukingo huo uliooza na uuandike. Ukijua jiwe limekaa wazi kwa muda gani, tayari una kasi ya kuchakaa.

Archibald Geikie, mwanajiolojia wa Uskoti, alitumia wazo hilo kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1880 alichapisha uchunguzi wa mawe ya makaburi ya Edinburgh. Kila jiwe la kaburi lina tarehe iliyochongwa, kwa hiyo lina saa yake mwenyewe. Aliona marumaru inavyoharibika upesi mpaka maandishi yanafutika, huku mawe ya aina nyingine ya umri uleule yakisomeka bila shida. Mawe hayo yalikuwa chini ya mvua ileile na ndani ya mji uleule, na bado kasi zilitofautiana kwa sababu mwamba si mmoja.

Sasa ligeukie eneo lako na uulize: hapa kinachokosekana ni vipande au ni nguvu ya kuvibeba? Ukiona mwamba mtupu na udongo mwembamba, basi chochote kinachovunjika kinazolewa mara moja, na kasi ya kilima kupungua inaamuliwa na kasi ya mwamba kuvunjika. Ukiona udongo mnene umelala, mambo ni kinyume: vipande ni vingi, mbebaji ni dhaifu. Mmarekani Grove Karl Gilbert aliifafanua tofauti hii katika ripoti yake ya mwaka 1877 kuhusu milima ya Henry huko Utah, na hadi leo ndilo swali la kwanza ninaloliona la maana ukifika mahali papya.

Hatua ya 3: Ujue mwamba wako

Dondosha tone la siki juu ya jiwe lililokwaruzwa. Likitoa povu, kuna chokaa. Ligonge kwa nyundo: mwamba mzima hulia kama chuma, mwamba uliooza hutoa sauti nzito ya kufifia. Wakati wa kugonga vaa miwani ya kukinga macho, kwa kuwa kipande kidogo cha jiwe kinatosha kulipofua jicho.

Halafu tazama nyufa. Chukua kamba ya kupimia, inyooshe ukutani kwa mita tano, na uhesabu nyufa zinazokatiza kamba hiyo. Watu wengi hutilia maanani ugumu wa jiwe na kusahau nyufa, ilhali mwamba mgumu uliopasukapasuka huondoka upesi kuliko mwamba laini usio na ufa. Wataalamu huongeza kipimo cha nyundo ya Schmidt, kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya kupima zege, ambacho hupiga jiwe kwa springi na kusoma kishindo kinavyorudi.

Mpangilio wa tabaka nao una neno lake. Kwenye maporomoko ya Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, dolomiti ngumu (mwamba wa jamii ya chokaa) imelala juu ya miamba laini ya tope. Maji yanayoanguka hula tabaka laini lililo chini, dolomiti inabaki ikining'inia bila kitu cha kuishika, kisha inavunjika kwa uzito wake. Kwa njia hiyo maporomoko yamerudi nyuma takriban kilomita 11 katika miaka 12,000 hivi, yaani karibu mita moja kwa mwaka kwa wastani. Siku hizi yanarudi polepole zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji huchepushwa kuzalisha umeme. Ukiona ngazi yoyote kwenye mkondo wako, hata ya nusu mita, tafuta tabaka gumu juu na laini chini kabla ya kutafuta maelezo mengine.

Hatua ya 4: Mtafute mhusika

Mto unaochimba huacha bonde lenye umbo la herufi V. Barafuto, yaani mto wa barafu, hukwangua pande zote na kuacha bonde la umbo la U, likiwa na mikwaruzo sambamba juu ya mwamba na mawe ya saizi zote yaliyochanganyika na tope bila kuchambuliwa. Upepo huchambua: huacha mchanga wa saizi moja na kuwachia kokoto uwanja. Ardhi iliyoporomoka huacha kovu la nusu duara juu na rundo lenye matuta chini. Miti iliyopinda shina huashiria kwamba udongo unateleza kidogokidogo.

Jihadhari na jambo moja: mhusika unayemwona leo huenda siye aliyefanya kazi. Kijito chembamba katikati ya bonde pana la umbo la U hakikulichimba bonde hilo. Barafu ilifanya hivyo na ikaondoka. Jangwani watu huusifu upepo kwa kila kitu, kumbe makorongo mengi ya jangwani yamekatwa na mafuriko ya ghafla yanayokuja mara chache na kuondoka ndani ya saa.

Usidhani pia kwamba chembe ndogo ndiyo rahisi kung'olewa. Msweden Filip Hjulström alionyesha mwaka 1935 kwamba mchanga laini hung'olewa na maji ya kasi ndogo, huku udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo zaidi, ukihitaji maji yenye kasi kubwa kwa sababu chembe zake zimeng'ang'aniana. Ila ukishang'oka, mfinyanzi husafiri mbali sana hata katika maji yanayokwenda taratibu. Ndiyo maana ukingo wa mfinyanzi unaweza kusimama wima miaka mingi, na mto unaopita hapo bado ukawa na rangi ya tope.

Hatua ya 5: Panga matukio kwa zamu

Kabla ya kuuliza miaka mingapi, uliza kipi kilitangulia. Tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu, isipokuwa kama limepinduliwa. Ufa unaokata tabaka ni wa baadaye kuliko tabaka lililokatwa. Na uso uliomomonyolewa ni wa baadaye kuliko kila mwamba uliokatwa nao.

Mwaka 1788 mwanajiolojia wa Uskoti James Hutton alikwenda kwa mashua hadi Siccar Point, pwani ya Uskoti, akiwa na rafiki zake John Playfair na Sir James Hall. Pale waliona tabaka za kijivu zilizosimama wima, zimekatwa juu kana kwamba kwa msumeno, na juu yake zimelala tabaka nyekundu za mwamba wa mchanga zilizoinama kidogo tu. Fikiria zamu zake: tabaka za kijivu zilitua chini ya bahari, zikawa mwamba, zikakunjwa hadi zikasimama, zikainuliwa, zikamomonyolewa, ndipo mchanga mwekundu ukatua juu. Leo tunajua kwamba kati ya miamba hiyo miwili kuna pengo la mamilioni mengi ya miaka. Hutton hakuwa na njia ya kupima umri. Kwa kupanga matukio tu alielewa kuwa dunia ina umri mkubwa kupita kiasi kilichokubalika wakati wake.

Hatua ya 6: Pima kinachoondoka sasa

Njia rahisi na ya kuaminika ni ya vijiti vya chuma. Tafuta nondo nyembamba au misumari mirefu, unene wa milimita 5 hivi na urefu wa sentimita 30 hadi 60. Ipigilie kwenye mteremko kwa mistari, kuanzia juu hadi chini, ukiacha kipande kinachojitokeza. Usitumie vijiti vitatu au vinne. Ardhi hubadilika kila hatua, na vijiti vichache vitakupa hadithi ya mahali vilipo tu. Kila kijiti kipe namba, chora mahali pake, na piga picha kutoka pembe ileile kila ukirudi.

Pima urefu unaojitokeza kwa rula ya milimita, upande wa kulia na wa kushoto wa kijiti, si upande wa juu, kwa kuwa udongo unaoshuka hujikusanya hapo. Tuseme kijiti kilikuwa nje milimita 50, na baada ya mwaka kiko nje milimita 58. Ardhi imeshuka milimita 8 hapo. Kijiti cha chini kinaweza kuonyesha milimita 44, yaani udongo umeongezeka milimita 6. Andika vyote viwili, cha hasara na cha faida. Anayeandika hasara peke yake atajikuta na kilima kilichopotea kwenye karatasi huku kikiwa bado kimesimama.

Kisha geuza kuwa ujazo. Milimita 1 iliyoondolewa juu ya hekta 1 ni mita 10 za ujazo za udongo. Udongo mkavu ukiwa na tani 1.3 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 13. Milimita moja, ambayo jicho haliioni, ni mzigo wa lori kubwa.

Rudi baada ya kila mvua kubwa na pia kwa tarehe zilizopangwa. Usipime wala kusimama chini ya genge wakati wa mvua au mara baada yake, na usikaribie ukingo wa juu wa korongo wenye nyufa sambamba na ukingo. Nyufa hizo zinaonyesha kipande kinachofuata kuanguka.

Wenye vifaa hutumia droni na leza. Picha nyingi za droni zilizopigwa kwa kupishana huunganishwa na programu kuwa umbo la pande tatu. Ukipiga tena mwaka unaofuata, programu hulinganisha umbo la pili na la kwanza na kukuonyesha kilichopungua. Ni kazi nzuri, lakini weka alama ardhini zisizohama, la sivyo utapima makosa ya kamera ukidhani ni mmomonyoko.

Hatua ya 7: Rudi nyuma kwa ramani na picha

Satelaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za nchi kavu tangu mwaka 1972, na picha hizo ni za bure. Chombo cha anga cha Marekani kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu Februari 2000, na data yake ya mita 30 nayo ni ya bure. Ongeza ramani za zamani na picha za ndege ukizipata, uziweke juu ya ramani moja kwa kutumia programu ya bure kama QGIS, na uchore ukingo wa korongo au pwani wa kila mwaka kwa rangi yake.

Pwani ya Holderness, mashariki mwa Uingereza, inajulikana kwa njia hii. Magenge yake ni ya udongo ulioachwa na barafu, na ramani za vizazi vilivyopita zinaonyesha yanarudi nyuma karibu mita 2 kwa mwaka, huku vijiji vilivyokuwa kwenye ramani vikiwa sasa baharini.

Hatua ya 8: Uliza miaka kutoka kwenye mawe yenyewe

Hatua hii hutaifanya jikoni kwako, lakini uielewe, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha taaluma hii.

Kama kwenye mashapo, yaani mchanga na tope lililotua, kuna mkaa, mbao au magamba, kaboni-14 inafaa: ni kaboni yenye mionzi ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana kiumbe kikishakufa. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni miaka 5,730, kwa hiyo kupita miaka 50,000 hivi inabaki kidogo mno. Kama hakuna kitu kilichowahi kuwa hai, kuna mbinu ya mwangaza: chembe za kwatzi zikifukiwa hujikusanyia nishati kutoka kwenye mionzi ya ardhi inayozizunguka, na mwanga wa jua huifuta. Maabara huiachia nishati hiyo itoke kama mwanga na kuupima, ndipo hujulikana chembe ilionwa na jua mara ya mwisho lini. Kwa sababu hiyo sampuli huchukuliwa kwa bomba lisilopitisha mwanga. Ukiifungua juani, umeifuta.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya beriliamu-10. Miale ya kosmiki kutoka anga za mbali huipiga kwatzi iliyo karibu na uso wa ardhi na kutengeneza humo atomi chache za beriliamu-10. Miale hiyo hudhoofika kadiri inavyozama. Katika mwamba wa kawaida, kina cha sentimita 60 hivi kinatosha kuipunguza hadi theluthi moja na zaidi kidogo. Kilima kinachopungua polepole hukaa na mawe yake karibu na uso kwa muda mrefu, kwa hiyo kwatzi yake ina atomi nyingi. Kilima kinachopungua upesi kina chache. Zuri zaidi ni hili: ukichota mchanga mdomoni mwa mto, mto umeshakuchanganyia chembe za bonde zima, na kipimo kimoja kinakupa wastani wa bonde lote. Kama kasi ni milimita 0.06 kwa mwaka, sentimita 60 hizo huondoka kwa miaka 10,000, na huo ndio muda ambao wastani wako unauwakilisha.

Kwa mamilioni ya miaka kuna saa za joto. Madini ya apatiti huweka alama za urani inayovunjika ndani yake pale tu yanapopoa chini ya nyuzi 110 hivi za Selsiasi, joto ambalo kwa kawaida liko kilomita 3 hadi 4 chini ya ardhi. Apatiti iliyo juu leo na yenye alama za miaka milioni 10 inakuambia kwamba kilomita 3 hadi 4 za mwamba zilizokuwa juu yake zimeondolewa tangu wakati huo.

Hatua ya 9: Fuata mzigo ulikokwenda

Kilichoondoka mahali kimetua mahali. Shuka chini ya korongo, chimba shimo dogo kwenye mchanga uliotua, usome tabaka zake: kokoto chini na mchanga laini juu mara nyingi ni furiko moja lililokuja kwa nguvu na kuisha taratibu. Hesabu mafuriko. Tazama kama kokoto zina kona kali, zimetoka karibu, au zimekuwa mviringo, zimesafiri.

Mzigo ukizuiliwa, umbo la chini hubadilika. Bwawa la Glen Canyon, huko Marekani, lilipofungwa mwaka 1963, mchanga uliokuwa ukishuka na mto Colorado ulianza kubaki nyuma ya ukuta, na fukwe za mchanga ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa lililo chini ya bwawa hilo, zikaanza kuliwa bila kujazwa. Tangu mwaka 1996 wasimamizi wamekuwa wakiachia mafuriko ya makusudi ili kuzijaza upya.

Hatua ya 10: Andika kasi pamoja na muda wake

Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo kutoka milima ya Idaho, Marekani. Walilinganisha mashapo yaliyopimwa mitoni kwa miongo michache na kasi iliyotolewa na beriliamu-10 kwa maelfu ya miaka. Ya muda mrefu ilikuwa kubwa kwa wastani wa mara 17. Vipimo vya mitoni vilikuwa sahihi. Ila ndani ya miongo hiyo hayakutokea matukio makubwa ya nadra, na matukio hayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi. Tarehe 18 Mei 1980, upande wa kaskazini wa St. Helens, mlima wa volkano huko Marekani, uliporomoka, na takriban kilomita 2.5 za ujazo za mwamba zikaondoka kwa dakika chache. Wastani wa mwaka uliotangulia usingekuonya.

Kwa hiyo usiandike kamwe "korongo hili linakatika milimita 8 kwa mwaka" ukaishia hapo. Andika: milimita 8, kwa vijiti vingapi, kati ya tarehe ipi na ipi, na mvua kubwa kiasi gani ilinyesha katika kipindi hicho. Acha vijiti ardhini na uandike mahali vilipo kwa namna ambayo mtu mwingine atavipata bila wewe, kwa sababu usomaji wenye thamani kubwa unaweza kuwa ule utakaofanywa baada ya mvua ambayo bado haijanyesha.